Barua ya wazi kwa wenye ufunguo wa kabati la vitabu

Kwa wapangaji wa mitaala, watunga mitihani, wakaguzi na wakuu wa shule

YAH: WANAFUNZI WANAOPIMWA KUSOMA NA KUANDIKA BILA KUPEWA NAFASI YA KUSOMA NA KUANDIKA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa lugha, na nimeshika chaki miaka ya kutosha hata sasa ninafundisha watoto wa watu niliowahi kuwafundisha. Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliiandika kwa mkono na kuipeleka ofisini mwenyewe, nikaambiwa imepokelewa. Ya pili ilipita kwa mkuu wangu kama utaratibu unavyotaka, nikajibiwa kwa mstari mmoja: suala lako linafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Nilipoinua mkono kikaoni, mwenyekiti alisema hoja ni nzuri, tutaigusa kwenye mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo watu walikuwa wameshasimama, wengine wako mlangoni.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Simlengi mtu, na mnisamehe kama hasira imechungulia mahali, maana nimejitahidi kuifunika. Malalamiko yangu ni haya: mwaka mzima tunawapima watoto kusoma na kuandika, na katika mwaka huo huo hatuwapi muda wa kusoma wala sababu ya kuandika.

1. Kabati lina kufuli

Katika shule nyingi nilizofika kuna kabati la vitabu vya hadithi. Liko stoo au ofisini kwa mkuu, nalo lina kufuli. Mwaka jana nilipangwa kusaidia kuhesabu mali, nikakaa mbele ya kabati la namna hiyo asubuhi nzima, natoa kitabu kimoja kimoja. Vingine kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana pale juu, hakuna aliyewahi kuzitenganisha. Ukurasa wa kwanza una muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kadi ya kuazimia iliyobandikwa nyuma ni nyeupe, haina jina hata moja. Tulihesabu, tukaandika "vipo, hali nzuri", tukavirudisha, mtunza stoo akafunga.

Simlaumu mtunza stoo. Fomu anayojaza ina safu ya vilivyopo, ya vilivyopotea na ya vilivyoharibika. Safu ya vilivyosomwa haipo. Aliwahi kuazimisha miaka ya nyuma. Vitatu havikurudi, kimoja kilirudi bila jalada, naye akatakiwa kuandika barua ya kujieleza. Ningekuwa mimi, ningefunga pia. Kwa hiyo mnaposema kwamba wanafunzi hawapendi kusoma, naomba kwanza tuulize ni kitu gani walipewa wakakikataa.

Halafu kuna hili jina, "vitabu vya ziada". Kitabu cha kiada ndicho chakula, hadithi ni ziada: jina lenyewe limeshahukumu. Lakini msamiati haukui kwa kitabu kimoja cha kiada kinachochunguliwa na watoto watatu. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walilinganisha maneno adimu katika maandishi na mazungumzo ya Kiingereza. Vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu kama 31 katika kila maneno 1,000. Mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu yalikuwa na 17 hivi. Maana yake, hata mtoto wa nyumba yenye maneno mengi anapata zaidi kwenye hadithi ya watoto kuliko kwenye maongezi ya wakubwa. Na yule asiye na mtu wa kuzungumza naye nyumbani, kitabu ndicho mlango pekee. Ndicho tulichokifungia.

Naongeza jambo moja ambalo wakaguzi hulipita. Kitabu lazima kilingane na msomaji. Utafiti wa Hu na Paul Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa wanaosoma kwa lugha ya pili, ulionyesha kwamba ili mtu aelewe hadithi bila msaada anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yake, yaani asikutane na neno geni zaidi ya moja katika kila maneno 50. Mpe mtoto ukurasa wenye maneno mageni kumi, umempa adhabu. Mtoto aliye nyuma anahitaji vitabu vyepesi, na awe navyo vingi, wala asione haya kuvishika. Mwaka 1986 Keith Stanovich alieleza jinsi pengo linavyopanuka: anayesoma vizuri husoma zaidi na kuzidi kuwa mzuri, anayesoma kwa shida hukwepa kusoma na kuzidi kubaki. Jina la hali hiyo, "athari ya Mathayo", linatoka katika Injili ya Mathayo, pale mwenye kitu anapoongezewa na asiye nacho kunyang'anywa hata kile kidogo. Sisi tunaikamilisha aya hiyo kwa kufuli.

2. Kutamka kumehesabiwa kuwa ni kusoma

Kiswahili kina bahati yake. Herufi inatamkwa kama ilivyoandikwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, na kadhalika, njia imefunguka. Philip Seymour na wenzake walipowapima watoto wa nchi kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, wanaojifunza lugha zenye maandishi yanayofuata sauti, kama Kifini, walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Wanaojifunza Kiingereza walikuwa kwenye thuluthi moja hivi. Kwa hiyo tusijipongeze mno mtoto wetu anapotiririka. Maandishi yenyewe yamembeba.

Niliwahi kumsimamisha binti mmoja asome aya. Alisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, anapumzika kwenye mkato, anashusha sauti kwenye nukta. Nikamuuliza, "Haya, mwandishi anasema nini?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, si nimeshasoma?"

Nalikumbuka jibu lile kila ninapoona fomu ya upimaji inayohesabu maneno kwa dakika na kuishia hapo. Watafiti Gough na Tunmer waliliweka wazi mwaka 1986: kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili vinavyozidishana, kutambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Na kuielewa lugha kunategemea mtu anajua nini kuhusu dunia. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli wasome, kisha wauigize kwa vidoli kwenye kiwanja cha mfano. Wasomaji waliohesabiwa kuwa dhaifu lakini wanaujua mchezo walielewa na kukumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Sasa nitazame ratiba zenu. Darasa likifanya vibaya kwenye ufahamu, kipindi cha jiografia na cha sayansi vinamegwa ili kuongeza "mazoezi ya ufahamu". Tunamnyima mtoto kile ambacho kingemfanya aelewe, tunampa maswali zaidi ya kumthibitishia kwamba haelewi.

3. Insha imekuwa kitu cha kukariri

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Muhula uliopita nilisahihisha insha 52 zenye kichwa ambacho sote tunakijua, "Siku ambayo sitaisahau maishani mwangu". Nilizihesabu: 31 zilianza kwa jua kuchomoza na ndege kutumbuiza. Msimulizi alirauka mapema kuliko kawaida. Baadaye alitimua mbio kama swara aliyeona chui, akapiga moyo konde, na mwishoni akajifunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya rundo lile kulikuwa na kijana aliyeandika siku aliyofiwa na baba yake. Najua ni kweli, nilikwenda msibani. Hata yeye alianza na ndege kutumbuiza. Hakukosea, ndivyo tulivyomfundisha kwamba insha huanza. Tulimpa nyimbo za ndege kabla hajapata nafasi ya kusema kilichompata.

Nikaamua kujaribu kitu. Niliwaambia waandike jambo wanalolijua wao na mimi silijui, na kwamba msomaji hatakuwa mimi, atakuwa jirani yao wa dawati. Kijana mmoja ambaye kwa kawaida hujaza robo ukurasa aliandika jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli. Nanukuu kwa ruhusa yake: "Tundu kubwa linajionyesha. Dogo ndilo linalosumbua. Jaza upepo, zamisha tyubu kwenye beseni, zungusha polepole. Povu likitoka weka kidole hapo hapo, usiangalie pembeni."

Usiangalie pembeni! Hayo ni maneno ya mtu aliyewahi kuangalia pembeni akapoteza tundu.

Jirani yake alisoma, akamuuliza: umetoka kwenye maji moja kwa moja ukapaka gundi, itashikaje? Mwandishi alinuna. Kipindi kilichofuata alirudi na toleo la pili. Ameongeza kufuta, kukausha, kukwaruza kwa msasa. Toleo la tatu ndilo alilipeleka nyumbani. Miaka yangu yote ya kuandika "fafanua zaidi" kwa wino mwekundu haijawahi kufanya kazi iliyofanywa na swali lile moja la gundi.

Kwa mwongozo wa usahihishaji tulionao, kazi ile ingepata alama za chini. Haina methali, haina tashibihi, haina "mapambo ya lugha". Hilo ndilo tatizo ninalowaletea watunga mitihani. Mnaposema kwamba mtihani unapima uwezo wa kujieleza, mwongozo wenu unalipa mapambo, na wanafunzi si wajinga, wanaandika kile kinacholipwa. Mimi napenda methali. Anayezitumia mahali pake simnyimi haki yake. Ninachopinga ni methali inayobandikwa kama muhuri.

Mtaniambia kwamba msingi wa uandishi ni sarufi, na kwamba vipindi vimeongezwa huko. Sarufi ni muhimu, nami naifundisha. Ila George Hillocks alipokusanya matokeo ya majaribio ya ufundishaji wa uandishi mwaka 1986, sarufi iliyofundishwa peke yake, kwa kuchambua sentensi za kitabuni, haikuboresha uandishi wa wanafunzi. Inasaidia pale mwanafunzi ana sentensi yake mkononi na anataka ikae sawa.

4. Alama zinafika kabla ya maneno

Kila kazi, hata ya mazoezi, tunatakiwa kuitia alama na kuiingiza kwenye rejesta. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha jaribio alilofanya nchini Israel. Kundi moja la wanafunzi lilirudishiwa kazi likiwa na maoni tu, la pili alama tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndio waliopiga hatua na kubaki na hamu. Waliopata vyote viwili hawakuwazidi wale wa alama tu; alama ilikuwa imeyameza maoni. Yeyote aliyewahi kurudisha daftari amewaona: wanatafuta namba, wanaangalia ya jirani, wanafunga.

Najua kitakachosemwa hapa: darasa lina wanafunzi 60, mwalimu hawezi kutoa maoni kwenye insha 60 kila wiki. Hawezi. Lakini utaratibu wa sasa, unaomtaka azungushie kila kosa kwenye kila insha, nao hauwezekani, na matokeo yake ni kwamba watoto huandika insha mbili kwa muhula. Waandike mara nne kwa wiki, mwalimu asome baadhi. Nyingine wasomeane. Nyingine zisisomwe na mtu. Anayejifunza kuogelea hasahihishwi kila anaporusha mkono.

5. Wakubwa hawasomewi

Hili ni fupi. Mtoto anasomewa hadithi madarasa ya mwanzo, kisha siku moja anaonekana mkubwa na sauti inakatwa. Mimi huwasomea vijana wenye ndevu, dakika kumi mwishoni mwa kipindi, na huacha pale pabaya. Wananifuata hadi mlangoni kutaka kujua kilichotokea. Mkaguzi aliyekuja aliandika kwamba kipindi changu kina "shughuli isiyo na lengo mahususi".

6. Mwongozo unasomwa badala ya riwaya

Mwanafunzi anaweza kutaja dhamira tano za riwaya, maudhui, mbinu za kisanaa na wasifu wa wahusika, bila kuwahi kuifungua riwaya yenyewe. Anasoma mwongozo, kile kijitabu kinachoichambua riwaya. Anajibu vizuri, kwa sababu maswali yanatoka mle mle. Swali linalohitaji mtu awe amesoma linaweza kutungwa; nimeyatunga, ninayo, niko tayari kuyaleta.

7. Sisi walimu

Nisijifiche nyuma ya wanafunzi. Wengi wetu hatusomi, na wengi zaidi hatuandiki. Nilipowauliza wenzangu ni lini wanafunzi waliwaona mara ya mwisho na kitabu kisicho cha kiada, chumba kilinyamaza, nami nikiwemo. Mwalimu akifuta sentensi yake ubaoni mbele ya darasa, akaiandika upya na kusema kwa nini, wanafunzi wanaona kwamba hata mkubwa hapati sentensi kwa mara ya kwanza. Mafunzo kazini ya miaka ya karibuni yamekuwa ya kujaza fomu mpya. Tupeni siku mbili za kusoma na kuandika wenyewe. Posho si lazima (wenzangu watanichukia kwa mstari huu).

Kabla sijafika kwenye maombi, kuna sababu mbili ambazo nimezisikia kila nilipobisha hodi. Ya kwanza ni simu: watoto wa siku hizi hawana muda na vitabu. Watoto hao hao wanasoma na kuandika kwenye simu kutwa nzima, wanafuta, wanarekebisha, wanahofia watakavyoeleweka, kwa sababu upande wa pili kuna msomaji. Simu imewapa kile ambacho daftari limewanyima. Ya pili ni kwamba silabasi ni ndefu. Ni ndefu kweli. Lakini muda wa majaribio ya kila wiki, majaribio ya mwezi, maandalizi ya mtihani na mtihani wa maandalizi umepatikana. Dakika 20 za kusoma kimya zingeweza kutoka humo, na hakuna ambaye angeona pengo.

Ninachoomba

Wakuu wa shule: kabati lifunguliwe, vitabu viingie madarasani, na dakika 20 za kusoma kitabu alichokichagua mwanafunzi mwenyewe ziingie kwenye ratiba kila siku, zisiwe za kufidia mwalimu asipofika. Wakati huo na walimu wasome.

Wakaguzi: ongezeni ile safu ya vilivyosomwa. Kitabu kilichochakaa kisihesabiwe kuwa hasara, na mtunza stoo asiandikiwe barua kwa ajili ya jalada.

Watunga mitihani: badilisheni mwongozo wa kusahihisha insha, ulipe maelezo ya kweli na mpangilio wa mawazo kabla ya mapambo. Mtungo mmoja kwa mwaka upimwe kwa matoleo yake, mwanafunzi alete la kwanza na la mwisho. Kwenye fasihi, tungeni maswali ambayo mwongozo hauwezi kuyajibu.

Wapangaji wa mitaala: rudisheni vipindi vya jiografia na sayansi vilivyomegwa, na wanafunzi waandike kuhusu wanachokisoma katika masomo hayo. Steve Graham na Michael Hebert walipopitia tafiti mbalimbali mwaka 2010 walikuta kwamba kuandika kuhusu ulichosoma, hata muhtasari mfupi, huongeza kukielewa. Kwa hiyo kazi hii si ya mwalimu wa lugha peke yake, ingawa najua tutaachiwa sisi.

Naomba majibu ya maandishi, na ndani yake kuwe na tarehe. Mkiniita kikaoni nitakuja, na nitakuja na madaftari.

Kuna dogo la mwisho. Kufuli la kabati la shuleni kwangu lina funguo mbili, nimeuliza. Mmoja anao mtunza stoo. Wa pili uko ofisini, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kupigwa muhuri. Wakati mengine yote yanafanyiwa kazi, naomba huo wa pili.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa lugha